Fundo la Isale

Ndeshi amefariki. Mwanawe wa kwanza ndiye aliyenipigia simu, wakati wa chai ya asubuhi, akaanza kwa kusalimia kama mtoto aliyelelewa: shikamoo mama, habari za huko mlimani, mvua zimeanza, ng'ombe wanaendeleaje. Nikajibu yote. Nikamweleza mvua, nikamweleza na ndama aliyezaliwa juzi, na muda wote nilijua kwamba mtu hapigi simu kutoka Mabogini, kule tambarare, saa ile kuulizia ndama. Aliponiambia, nilikaa kwenye kigoda cha jikoni nikamuuliza maswali ya mtu aliyestaafu uuguzi: presha ilikuwaje, jana alikula nini, alilalamika kifua? Ndivyo nilivyoumbwa. Wenzangu wakifiwa hulia kwanza. Mimi huuliza kwanza, na kilio hunijia baadaye, nikiwa peke yangu na sufuria. Nilipomaliza kulia nilichukua kisu nikaenda mpakani mwa shamba letu, nikakata jani moja la isale, refu, bichi, lisilo na doa, nikaliviringisha ndani ya khanga. Mjukuu wangu akaniuliza, bibi, hilo la nini? Nikamwambia awashe gari.

Asiye mtu wa mlimani inafaa ajue isale ni nini, maana bila hilo hataelewa kilichotokea mwaka ule. Ni mmea wa majani marefu membamba ambao wazee wetu waliupanda kwenye mipaka na makaburini, na mpaka leo hakuna anayethubutu kuung'oa kwenye mpaka wa jirani. Lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Ukimkosea mtu na maneno yamekuishia, unakata jani la isale, unalipiga fundo moja, unampelekea. Akilipokea, ugomvi umekwisha. Akilikataa, watu watamsimulia mpaka wajukuu zake. Niliwahi kuona watu wawili waliokuwa wakigombea mfereji kwa miaka, hawasalimiani hata kanisani, wakamalizwa na jani moja kabla ya kuku kuingia bandani.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka kumi na minane. Waingereza walikuwa bado bomani Moshi, kahawa ilikuwa na bei nzuri, na kila aliyejiweza alikuwa anang'oa nyasi juu ya nyumba yake na kuezeka bati. Nyumba yetu ilikuwa nusu bati, nusu nyasi, kwa sababu kaka yangu Manase aliugua katikati ya kazi. Aliteremka tambarare kutafuta mbao, akarudi na homa, na homa ile ikampanda kichwani. Alilala wiki nzima hajitambui. Alipoamka mwili ulirudi wote, mabega yale yale, sauti ile ile, lakini mwenyewe hakurudi. Alikuwa mtu mzima mwenye mambo ya mtoto wa miaka minne. Aliweza kukata majani ya ng'ombe kwa mundu, vizuri kabisa, maana mikono ilikuwa imeshazoea. Aliweza kula akipewa. Aliweza kuimba nusu ya wimbo wa kanisani na kurudia nusu hiyo hiyo mpaka mtu aombe radhi kwa Mungu atoke nje. Hakuweza kufunga kitu chochote. Kila asubuhi alisimama mlangoni pa chumba chao akiwa ameinua mikono, kaptula ameishikilia kwa viwiko, akingoja mkewe Ndeshi aje amfunge kamba kiunoni. Hakumwita jina. Akiulizwa huyu ni nani, alisema, “Wa kamba.”

Ndani ya nyumba ile tuliishi wanne: Mama, Manase, Ndeshi na mimi. Chumba cha Manase na Ndeshi kilikuwa upande wa bati, kina kitanda cha chuma kilichonunuliwa mjini na kioo kidogo kilichotundikwa juu sana, kwa urefu wa Manase, hivyo Ndeshi alijitazama akisimama kwenye ncha za vidole. Mimi na Mama tulilala upande wa nyasi, karibu na ng'ombe, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa matete na udongo, haukuzuia neno. Nilimsikia Ndeshi akimlaza mumewe, akimwambia geuka, funika miguu, sasa nyamaza. Sikuwahi kumsikia akilia. Siku moja nilimuuliza, maana mimi ni mtu wa kuuliza, kama Manase alikuwa bado mume au la. Alikuwa anamenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu. Akafikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichokijua, akasema hajui, labda wazee wanajua.

Kilichomfikisha kwa wazee ni mtori. Jirani yetu alijifungua mtoto wa tatu, na kwetu mzazi hulishwa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, mpaka mashavu yarudi. Ndeshi alikuwa na mkono mzuri wa mtori, kila mzazi wa mtaa wetu aliutaka, na alikuwa ameshawapikia wanawake wengi kuliko ninavyokumbuka. Siku ile alirudi na chungu kitupu kichwani, akakishusha taratibu, akaketi kwenye jiwe la kusagia. Mama alikuwa anachambua maharage. Ndeshi akamwambia, bila kupandisha sauti, “Mama, nimechoka kupika mtori wa wenzangu.” Mama aliendelea kuchambua, jiwe huku, haragwe huku, lakini nikaona kwamba sasa mawe na maharage yote anayatupa upande mmoja.

Ndeshi aliomba kuachiliwa. Alikuwa na miaka ishirini na minne, hana mtoto, na ndoa yake ilikuwa ya kimila tu. Mahari ilikuwa imetolewa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imenywewa na pande zote mbili, na ya kanisani walikuwa wamepanga kuifunga baada ya mavuno, mavuno ambayo Manase hakuyaona akiwa na akili. Kwa hiyo mchungaji alisema kwa upole kwamba jambo hili si la kanisa, ni la baraza la Mangi, chifu wetu, nadhani akamshukuru Mungu kwa hilo. Wakatoliki wa Kilema, ng'ambo ya mto, walisema kwao lisingefika hata kwenye baraza. Kila mtu alikuwa na la kusema. Nilikuwa nikipita kati ya migomba nasikia sauti za wanawake upande wa pili wa ua: mmoja anasema Ndeshi ana mwanamume mjini, mwingine anasema hana, angekuwa naye angeshaondoka, wa tatu anasema hata kama anaye, wewe ungefanyaje. Nilimpenda huyo wa tatu, sijui alikuwa nani.

Nami nilikuwa na langu. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kusomea uuguzi mjini, na gauni la kuendea lilikuwa limeshashonwa, limekunjwa sandukuni na majani ya kufukuza nondo. Mama aliniita jikoni akaniambia waziwazi: kama Ndeshi anaondoka, wewe huondoki. Mama hawezi peke yake kumwogesha mwanamume mzima. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini ilimaanisha kwamba kila niliyemwombea, nilimwombea dhidi ya mwingine. Nikimwombea Ndeshi apate ruhusa, ninajifungia mlango mwenyewe. Jioni tukiwa tunakamua, Ndeshi akaniambia, “Wifi, nikienda wewe unabaki.” Nikasema najua. Tukaendelea kukamua.

Baraza lilikuwa nyumba ya matofali karibu na soko, ina benchi ndefu za wazee mbele na karani kwenye meza yake pembeni. Mangi mwenyewe hakuwepo, alikuwa na mambo bomani, na aliyekalia kiti alikuwa mzee mmoja mfupi aliyekuwa na tabia ya kufumba macho watu wakisema, mpaka ukadhani amesinzia. Ukoo wetu ulisemewa na Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba. Alikuwa mtu mwema mwenye sauti kubwa, na mwaka ule alikonda, kwa sababu ukubwa jalala, kila mtu alimtupia lake. Baba yake Ndeshi alikuja na wazee wake, tayari kurudisha kilichopaswa kurudishwa. Kwa mila zetu mke aliondoka ikiwa mume mwenyewe atasimama mbele ya wazee aseme amemwachilia. Sasa hapo ndipo gari lilipokwama. Manase aliletwa mbele, ameogeshwa, amevaa koti la marehemu baba. Mzee wa kiti akamuuliza kama anamruhusu mkewe aende. Manase akasema ndiyo. Akamuuliza kama anataka mkewe abaki. Manase akasema ndiyo. Akamuuliza kama yeye ni ng'ombe. Manase akasema ndiyo, akaanza nusu ya wimbo wake.

Watu walicheka, kisha wakaona haya. Wazee wakaanza kuvutana, na ninakiri nilifurahi kusikiliza, maana lilikuwa ndilo swali langu la kwenye ndizi, sasa limevaa makoti. Mmoja alisema mtu wa namna ile ahesabiwe amekufa, mkewe arithiwe na ndugu wa ukoo, mambo yaishe. Mwingine akamjibu kwamba hajafa, amekula mihogo mbele yetu sasa hivi, na mtu aliye hai harithiwi. Wa tatu akasema basi ukoo useme kwa niaba yake. Baba Mkubwa akakataa. Alisema yeye anaweza kumsemea Manase juu ya mpaka, juu ya ng'ombe, hata juu ya kesi ya kupigana, lakini hawezi kumwachisha mtu mke kwa mdomo wa mtu mwingine. “Akipona je?” akauliza. “Aamke asubuhi moja akiwa mzima, aniulize Baba, mke wangu yuko wapi, nimwambie nini?” Penye wengi pana mengi, siku ile yalikuwa mengi mno. Mzee wa kiti akafumbua macho, akaamua kwamba mdomo wa Manase hauwezi kutoa ruhusa kwa kuwa akili haimo, na kwamba ataulizwa daktari wa Moshi kama itarudi. Tukarudi nyumbani, na asubuhi iliyofuata Ndeshi akafunga kamba kama kawaida.

Miezi ile ya kungoja ndiyo ninayoikumbuka zaidi, labda kwa sababu hakuna kilichotokea. Kahawa iliiva. Tulichuma pamoja sote wanne, na Manase alichuma nyekundu na kijani bila kubagua, Ndeshi akimfuata nyuma akichambua kikapu chake kabla Baba Mkubwa hajakiona. Tulikula kiburu cha jana, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, asubuhi na maziwa ya mgando mchana. Manase alianza tabia mpya ya kukaa karibu na Ndeshi akila, si kando yake, mbele yake, akimtazama mdomoni. Mama alisema anajua. Ndeshi alisema anataka ndizi yake. Mimi nilimchunguza kwa siku nyingi, nikimpa ndizi yeye kwanza ili nione kama ataendelea kutazama, na aliendelea, ila alikuwa anatazama pia kuku, na mvua, na moshi wa jiko. Sikupata jibu. Jibu la daktari lilifika kupitia kwa tarishi: hatarudi kuwa alivyokuwa. Mama aliposikia alikwenda kwenye migomba akakaa huko mpaka maziwa ya jioni.

Tulipoitwa tena barazani watu walijaa mpaka nje. Jibu la daktari likasemwa mbele ya wote, Baba Mkubwa akainamisha kichwa, na mzee wa kiti alikuwa anajikohoza kutaka kusema, Manase aliponyanyuka kutoka kando ya Mama. Hakuna aliyemwita. Alitoa kitu ndani ya koti la baba, akavuka hadi mahali aliposimama Ndeshi, akampa. Lilikuwa jani la isale, limepigwa fundo. Ndeshi alilishika kwa vidole viwili, uso umemshuka. Kisha benchi lote la wazee likaanza kuguna na kutikisa vichwa, na mzee wa kiti, ambaye macho yake sasa yalikuwa wazi kabisa, akamwambia Ndeshi kwa upole, “Mama, umepewa isale. Unajua mwenyewe. Rudi nyumbani.”

Ndeshi hakurudi. Alisema, na sauti ilikuwa ile ile ya siku ya mtori, “Wazee wangu, mlisema mdomo wake hauwezi kuniruhusu kwa kuwa akili haimo. Leo mkono wake umeitoa wapi?” Mzee mmoja akasema isale si maneno, isale ni isale. Wengine wakaitikia. Nikaona kwamba wanamaanisha kweli, hawamchezei. Walikuwa watu waliozoea kupima maneno ya mtu, anasema nini, ana akili gani, lakini jani hilo hakuna aliyewahi kulipima tangu mlima uwe mlima. Nami nilikuwa nalitazama fundo. Lilikuwa zuri, limekazwa, ncha zimelala pamoja. Sikusimama kwa wema, na wala sikulifikiria gauni langu. Nilisimama kwa sababu lile fundo lilikuwa linaniwasha. Mzee wa kiti akauliza huyu binti ni nani. Nikasema, dada yake Manase. Baba Mkubwa akanitazama kwa matumaini. Nikasema, “Kaka yangu hajui kufunga. Tangu augue hajafunga hata kamba ya kaptula yake.”

Mzee wa kiti hakubishana. Alinyoosha mkono kwa karani, akachukua kipande cha kamba ya katani, akamkabidhi Manase akamwambia afunge. Manase akaitazama kamba, akaifurahia. Akaizungusha kiunoni mwake juu ya koti, akatembea hadi mbele ya Ndeshi, akainua mikono yote miwili na kungoja. Alisimama kama kila asubuhi ya Mungu, sasa mbele ya baraza zima, kidevu juu. Na Ndeshi, jani likiwa limebanwa kwapani, akainama akamfunga. Hakuna aliyecheka safari hii.

“Basi nani amefunga fundo?” akauliza mzee wa kiti. Mama akasimama. Alikuwa mwanamke mrefu, lakini siku ile alionekana mfupi. “Nimefunga mimi,” akasema. Minong'ono ikaanza, na yule mzee wa isale ni isale akarukia hapo hapo: basi isale ni la mama, na mama akili zake zimo, na mama mkwe ameomba, sasa mnataka nini tena? Nilidhani nimefungua mlango, kumbe nimeweka kufuli jingine lenye nguvu zaidi. Ndeshi alimwendea Mama, akapiga magoti mbele yake, jani akalishika kwa mikono miwili. “Mama, hukunikosea,” akasema. “Lakini nimelipokea, lisije likarudi mikononi mwako. Mimi na wewe hatuna ugomvi, na hatutakuwa nao. Wazee, ugomvi umekwisha. Sasa naomba ruhusa.”

Mzee wa kiti akafumba macho kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba isale huondoa ugomvi na ugomvi umeondolewa mbele ya wote. Halijapata kumfanya mtu kuwa mke. Na kwa kuwa mume hana mdomo, wala ukoo hautaki kuwa mdomo wake, baraza litasema: ndoa imekwisha, bila kosa la mke na bila kosa la mume. Baba Mkubwa akauliza lile swali lake tena, sasa kwa sauti ndogo. “Na akipona?” Mzee yule akavaa kofia yake. “Akipona aje anilaumu mimi,” akasema.

Ndeshi aliondoka siku iliyofuata asubuhi na kaka zake. Kabla ya kuondoka alimfunga Manase kamba, akalitengeneza koti lake, akamwambia aende akakate majani ya ng'ombe, naye akaenda na mundu wake bila kugeuka. Kesho yake alisimama mlangoni, mikono juu. Nikaenda mimi. Akanisukuma. Akaja Mama, akamsukuma. Akasimama hivyo mpaka jua likafika uani, kaptula ikimteremka, na mwishowe akaja kwangu mwenyewe akanigeuzia mgongo, akakubali nifunge kwa nyuma. Tangu siku hiyo nilimfunga kwa nyuma. Gauni langu lilibaki sandukuni. Nilikwenda kusomea uuguzi baada ya Manase kufariki, miaka baadaye, nikiwa mkubwa kuliko darasa zima, wakaniita Bibi kabla sijawa mama. Nililia sana kwa ajili ya miaka hiyo, lazima niseme, na kuna siku nilimchukia Ndeshi nikiwa ninafua mashuka. Chuki hiyo haikudumu kuliko povu.

Ndeshi aliolewa Mabogini na mgane aliyelima mahindi na mpunga kidogo kando ya mfereji. Habari za mtoto wake wa kwanza zilipotufikia, Mama alichinja mbuzi. Alipika mtori mwenyewe tangu alfajiri, akaujaza chungu kile kile, akakifunga mdomo kwa majani ya migomba, tukateremka kwa lori la kahawa, chungu mapajani mwake. Nilidhani tutafukuzwa. Ndeshi alipoona nani yuko mlangoni alikaa kitandani akafunika uso kwa khanga, na Mama akaketi ukingoni mwa kitanda akamlisha kwa kijiko, hakumwachia ashike mwenyewe. Hakuna aliyesema jambo la maana. Walizungumza juu ya mbu.

Ni wakati tunarudi, tumekaa juu ya magunia na chungu kitupu, Mama alipoanza kusema bila kuulizwa. Alisema siku ile ya baraza, asubuhi, Manase alirudi na mzigo wa majani ya ng'ombe begani kama kawaida, lakini mkono wa pili ameshika jani moja la isale, peke yake, mbali na mengine. Ng'ombe hapewi isale, hata Manase hakuwahi kumpa. Alimletea Mama jikoni, akamnyooshea, kama anavyonyoosha mikono ya kamba. “Alilikata mwenyewe,” Mama akasema. “Mimi nilifunga tu. Kisha nikamtia mfukoni.” Nikamuuliza mbona hakusema barazani. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake mwenyewe kwa mshangao. “Mliuliza nani amefunga,” akasema. “Hamkuuliza nani amekata.”

Nimeishi na hilo zaidi ya nusu karne. Nimeuguza watu wengi waliopotewa na akili, nimesoma vitabu vilivyokuwepo, nimewauliza madaktari mpaka wakanikwepa kwenye korido, na bado sijui Manase alikata jani lile akijua nini. Huenda alilipenda tu, bichi na refu. Huenda alikuwa amesikia kupitia ukuta ule wa matete usiozuia neno. Na kama alijua, sijui alikuwa anaomba asiachwe, au anaomba msamaha kwa ile miaka yote ya kufungwa kamba. Nilimwambia Ndeshi mara moja tu, tukiwa tumeshazeeka, uani kwake. Akasema, “Ningejua, wifi, bado ningeondoka. Lakini ningemuaga vizuri zaidi.” Akaingia ndani akanitilia mchele wa kupeleka nyumbani.

Tulipofika msibani turubai lilikuwa limeshafungwa na watu wengi wameketi. Nilikuwa nimejaribu kulipiga fundo jani langu ndani ya gari, njia nzima, nikashindwa. Vidole vyangu vimekauka kwa baridi yabisi, havikunji tena kitu laini. Mwanawe wa kwanza alikuja kunipokea mlangoni pa gari, mtu mzima mwenye mvi, aliyelelewa kwa mtori ule. Nikamnyooshea jani nikamwomba anifungie. Akalishika, akanitazama, mila za mlimani anazijua vizuri. “Mama,” akaniuliza, “nikilifunga mimi, si litakuwa langu?”

Nikamwambia hapana. Aliyelikata ndiye mwenyewe. Akalifunga, akanishika mkono, tukaingia ndani kwa mama yake.